Hodi Kabla ya Bei

Juzi dalali aliniletea wanunuzi nyumbani, Lamu. Daka walilipita bila ya hodi, wakaingia hadi ndani, walipo wanawake, wakipiga picha zidaka. Nikawarudisha nje. Nyumba haijauzwa, ingali na sitara yake. Na dalali asiyewafunza wageni hodi kazi yake ni nusu.

Walipobisha, niliwaonyesha boriti mbili zilizooza na ufa niliouziba mwenyewe kwa chokaa. Dalali akanikonyeza. Ninyamazeje, na sheria yetu yamtaka muuzaji abainishe aibu ya kitu? Bei wakaishusha papo hapo.

Kosa langu ni jirani. Ukuta wetu ni mmoja, na sikumuuliza kwanza. Nimemuuliza jana, ameomba muda hadi mwezi uandame. Nitamngoja.