Kwa Mkurugenzi wa Benki Iliyorudisha Hundi Yangu

Bwana Mkurugenzi,

Niwie radhi kwa kukujia hadharani, kwani barua zangu za faragha zilijibiwa kwa waraka wa chapa usiokuwa na jina la mtu wala saini ya kalamu, na mwenye kujibiwa na mtambo hana budi kutafuta wanaadamu wa kusema nao. Jina la benki yako nimelistiri. Hiyo ndiyo tofauti iliyopo baina yangu na nyinyi, maana langu hamkulistiri.

Wayajua mapatano tuliyotia saini: kwamba siku ambayo hundi yangu itafika na akaunti yangu ya biashara ikawa pungufu, benki itachota upungufu huo katika akaunti yangu ya akiba, iliyo katika tawi lilo hilo, na hundi italipwa. Mlinipa kwanza hiari ya ovadrafti ya mkopo nikaikataa, kwa kuwa dini yangu yanikataza riba, na kwa kuwa sikuona maana ya kukopeshwa fedha za watu ilhali zangu zipo. Nikachagua kinga hii, na ujira wake mmeukata kila mwezi pasi na kuchelewa.

Basi katika siku za kuelekea Idd nilimwandikia mwuzaji wa jumla ninayechukua kwake leso hundi ya shilingi 186,000, na fedha za kuilipa zilikuwamo. Asubuhi ya siku ile ile hundi ilipofika mlikata ada yenu ya kuendesha akaunti, zikabaki shilingi 185,760. Na kwa shilingi 240 hizo, mlizozitoa nyinyi wenyewe kwa mkono wenu, hundi yangu ikarudi. Akiba yangu, ambayo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiasi cha hundi, haikuguswa. Hundi ikarudi, imepigwa muhuri ule wa adabu unaomtaka mpokeaji arejee kwa aliyeiandika, ambao kila mfanyabiashara wa Mombasa aufahamu kuwa wasema: mtu huyu hana kitu.

Waraka wenu wataja hitilafu ya mtambo. Nastaajabia ustadi wa hitilafu hiyo, iliyousahaulisha mtambo kuhamisha fedha zangu, lakini isiusahaulishe kunitoza shilingi 2,500 za hundi kurudi, wala ujira wa kinga ya mwezi huo huo ambao kinga haikufanya kazi.

Mwuzaji wangu ni mtu mzima, mwenye haya na murua. Hakunigombeza. Alinipigia simu, akauliza hali ya nyumbani, akauliza kama pana mgonjwa, kisha akasema kwa upole kuwa tangu sasa ingekuwa bora, kwa raha yetu sote, nimlipe fedha taslimu kabla mzigo haujapakiwa. Marehemu baba yangu alichukua mzigo kwa baba wa mwuzaji huyu kwa neno la mdomo. Mimi nimeuchukua kwa hundi umri wangu wote wa biashara, na haikuwahi kurudi hata moja. Sasa imerudi. Nilimweleza habari ya ada, na akiba, na mtambo; akanisikiliza hadi mwisho kwa huruma ile aonewayo mdeni anayejitetea, kwani kila mtu ambaye hundi yake imerudi husema kosa ni la benki.

Mzigo ulichelewa, na faida ya Idd ikanipita. Hayo yana hesabu, na hesabu yake nitaimeza. Hundi iliyorudi haina hesabu. Muamana uliojengwa na watu wawili ambao sasa wamo makaburini, hamna sarafu ya kuulipia.

Fauka ya hayo, kifungu cha 316A cha sheria ya jinai ya nchi hii chamhesabu kuwa mkosaji atoaye hundi akijua kwamba akaunti yake haina fedha za kutosha, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi 50,000, au kifungo cha mwaka mmoja, au yote mawili. Lau mzee yule angelikuwa mtu wa shari, habari hizi za hundi kurudi ningekuwa nikimsimulia afisa wa polisi. Yampasayo mwenye akaunti yameandikwa katika kifungu hicho. Yaipasayo benki hayamo.

Na muamala huu wa kulipa hundi akaunti inapopungua, Bwana Mkurugenzi, ulikusudiwa tangu mwanzo kumhifadhi mfanyabiashara. Mwaka 1728 Royal Bank of Scotland, mjini Edinburgh, ilimruhusu mfanyabiashara William Hogg kuchukua hadi pauni 1,000 zaidi ya alizokuwa nazo, ili asiadhirike mbele ya wanaomdai kwa sababu ya wadeni wake wachelewao kulipa. Waskoti hao, kwa wino na daftari, walimwamini mtu kwa fedha zao. Nyinyi, kwa mitambo yenu yote, mmeshindwa kuniamini kwa shilingi 240 za kwangu mwenyewe.

Wala sisemi kwa nafsi yangu pekee. Desturi yenu, na ya wenzenu wengi, ni kujilipa kwanza, kisha kutazama kama mteja amebakiwa na kitu, na akiwa hakubakiwa, kumtoza kwa kutobakiwa. Sheria ya Mabenki, katika kifungu cha 44, yataka ada zisipandishwe bila idhini ya Waziri. Walakini saa ya kuikata ada, ambayo ndiyo iliyoniumiza, mwaichagua wenyewe, nayo aghalabu huwa ni saa ya kwanza. Mwalimu anayengoja mshahara uliochelewa na mjane anayelipa karo kwa hundi wote wamo katika foleni hiyo, nyuma yenu.

Natarajia, kwa insafu, ada zenu zikatwe baada ya hundi za siku kulipwa, na kila auziwaye kinga aambiwe kwa Kiswahili yamkinga na nini na saa ngapi. Nayataraji hayo kama mtu atarajiavyo mvua. Linalonihusu mimi ni jepesi zaidi: andikeni barua kwa mwuzaji wangu, yenye jina la mtu na saini ya kalamu, kwamba siku ile fedha zilikuwapo, na kwamba benki ndiyo iliyokosea. Shilingi zenu 2,500, zikiwa ndizo zinazowazuia kukiri, bakini nazo.

Ni mimi, mteja wako hadi barua hiyo itakapofika au akaunti itakapofungwa,

Mwuza leso, Mombasa