Demeter Alibatizwa Lini?

Kuna jina ambalo ukilipeleka parokia yoyote Kenya hii litapokelewa bila mtu kukuna kichwa. Demetrio. Andika Dimitri, andika Demetrius, ni sawa tu. Ni jina la mtakatifu, shahidi wa Thessaloniki aliyeuawa mwanzoni mwa karne ya 4.

Sasa lipasue uone kilichomo. Kwa Kigiriki, Demetrios maana yake ni "wa Demeter". Na Demeter ni nani? Mungu wa kike wa nafaka, yule ambaye Wagiriki walimtolea sadaka ili mashamba yazae. Yaani mtoto anaitwa kwa jina la mungu wa ngano, anamwagiwa maji, na hakuna hata mmoja anayekohoa. Kisha wewe uje na jina la nyanya yako uambiwe, "Hilo ni la kienyeji. La Kikristo ni lipi?"

Dada yangu aliulizwa hivyo. Alirudishwa nyumbani na mtoto mgongoni kwa sababu majina yote kwenye fomu yalikuwa ya Kikikuyu. Jumapili iliyofuata akaandika Brian, na katekista akatabasamu. Brian! Jina lililovuma kwa Brian Boru, mfalme wa Ireland aliyeuawa vitani mwaka 1014. Si mtume, si nabii. Lakini lina harufu ya Ulaya, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa wakati wote.

Ajabu ni kwamba Wazungu wenyewe hawakukubali mchezo huu. Waangalie Waslavi. Vladimir wa Kiev alibatizwa mwaka 988, akapewa jina la Kigiriki, Vasily. Nani anamkumbuka kama Vasily? Kanisa lenyewe linamwita Mtakatifu Vladimir. Wanawe Boris na Gleb walikuwa na majina ya ubatizo pia, Roman na David, lakini walipouawa mwaka 1015 katika vita vya kurithi kiti cha baba yao, walitangazwa watakatifu kama Boris na Gleb. Jina la kienyeji likaingia kwenye kalenda na miguu yake yenye matope. Na mwaka 1154, mtawala Yuri Dolgoruky alipopata mtoto wa kiume, alimwita Vsevolod nyumbani na Dmitri kanisani, akaanzisha mji, Dmitrov, kaskazini mwa Moscow. Mji huo upo hadi leo. Mtoto alikua, akatawala kama Vsevolod. Hakuna aliyemwambia achague.

Na hata lile la Kigiriki hawakulibeba kama yai. Walilitafuna. Warusi wakafanya Dmitri, na nyumbani Mitya au Dima. Waukraine, Dmytro. Wabulgaria, Dimitar, Mitko. Waromania wakasema Dumitru, na wakipiga soga Mitică, hadi mwandishi Caragiale akamfanya Mitică kuwa yule kijana wa Bucharest mwenye mdomo usiofungwa. Sikukuu ya mtakatifu huyu, tarehe 26 Oktoba, wachungaji wa Romania waliiita Sâmedru. Ndiyo siku mifugo ilikuwa imeshashuka kutoka milimani na wachungaji wakalipwa chao. Mungu wa kilimo katulia ndani ya jina, na kalenda ya mashamba nayo inamzunguka. Haya basi.

Ninaowapenda zaidi ni Wabulgaria. Mwaka 1185 Wanormani waliiteka na kuipora Thessaloniki, mji wa Demetrio. Ndugu wawili, Asen na Peter, wakajenga kanisa la Demetrio kule Tarnovo na kuwatangazia watu kwamba mtakatifu amewahama Wagiriki, amekuja kwao, awasaidie kujikomboa kutoka kwa Bizanti. Hawakuomba ruhusa ya mtu. Walimchukua mtakatifu wa mtawala wao wakamgeuzia mtawala huyohuyo. Sisi tumepewa watakatifu hao hao na bado tunawabisha hodi.

Kuna watakaosema jina la mtakatifu humlinda mtoto. Sawa, lakini Dmitri, mwana wa Ivan wa Kutisha, alikufa Uglich mwaka 1591 akiwa na miaka minane, kisha wakatokea matapeli watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidai ndiye yeye. Wa kwanza alikalia kiti cha enzi cha Urusi kuanzia 1605 hadi 1606, kisha akauawa. Jina lilikuwa takatifu kabisa.

Wengine watasema ni sheria ya Kanisa. Kwa Wakatoliki, sheria ya 1917 kweli ilimtaka paroko ahakikishe jina ni la Kikristo, na wazazi wakikataa aongeze la mtakatifu. Sheria ya sasa, ya 1983, kanuni ya 855, inasema tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Basi. Hakuna orodha ya kutoka Ulaya. Hiyo nafasi kwenye fomu inalindwa na mazoea, na mazoea hayana kanuni wala nambari.

Halafu tukitaka mfano hatuhitaji hata kwenda Urusi. Vuka mpaka tu hapo Uganda. Mwaka 1964 Papa Paulo wa 6 aliwatangaza mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu. Miongoni mwao yumo Kizito, anayeitwa Kizito, jina la Kiganda, na leo shule na makanisa Kenya nzima yana jina lake. Yumo pia Joseph Mukasa Balikuddembe. Muulize Mganda yeyote mzee Mukasa ni nani. Atakwambia ni mungu wa ziwa, lile tunaloliita Victoria. Mukasa yuko kwenye litania, karibu na Demetrio wa Demeter, na sijasikia padre akimwomba abadilishe.