Hamira ya maandazi na moyo wa mtoto anayekimbia

Asubuhi za Lushoto ni za baridi, hasa Juni na Julai, na mama anayekanda unga wa maandazi huweka beseni karibu na jiko ili uumuke. Hamira ni viumbe hai, vidogo mno kuonekana kwa macho, na baridi huvichelewesha.

Ndani ya kila kiumbe hicho kuna protini iitwayo kalmodulini. Hukamata madini ya kalsiamu, kisha huziamuru protini nyingine zianze kazi au ziache. Binadamu naye anayo. Ya kwake na ya hamira zinafanana kwa takriban asilimia 60, ingawa mababu zao waliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ya kuku na ya binadamu ni ile ile kabisa.

Je, zinafanana kwa umbo tu? Mwaka 1989, Trisha Davis na Jeremy Thorner wa Marekani walitumia hamira iliyoondolewa jeni ya kalmodulini, hali ambayo huiua, wakaipa ya wanyama wenye uti wa mgongo. Hamira ikaishi na kuzaliana.

Kitu kilichodumu hivyo hakina nafasi kubwa ya kukosea. Kwenye moyo, kalsiamu ndiyo inayoufanya msuli ujikaze, na kalmodulini husaidia kufunga milango yake ili moyo upumzike kabla ya pigo linalofuata. Mwaka 2012 watafiti walieleza ukoo mmoja wa Sweden wenye ugonjwa wa mapigo ya moyo wa kurithi. Kosa lilikuwa kwenye kipande kimoja tu kati ya 148 vinavyounda protini hiyo. Kuongeza maziwa hakutibu hili, maana kalsiamu ipo. Mpokeaji wake ndiye mwenye hitilafu.

Wenye kosa hilo ni wachache mno duniani. Lakini dalili yake hutokana pia na hitilafu nyingine za moyo, na wazazi wengi huipita: mtoto anakimbia, anacheza mpira au anapanda mlima kwenda shule, mara anaanguka na kuzimia. Nyumbani husemwa ni njaa, ni kifafa, au ni mashetani.

Mtoto aliyezimia katikati ya mbio anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, hata akiamka mzima na kuomba chai. Wakati mwingine hupimwa tena akifanya mazoezi, kwa kuwa akiwa amelala moyo huonekana sawa. Hospitali ya wilaya inaweza kumpa rufaa, hata hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Daktari atauliza mtoto alikuwa akifanya nini alipoanguka, na kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. La pili wazazi wengi hawalijui. Bibi wa pande zote mbili waulizwe kabla familia haijapanda gari la kushuka Mombo.