Mashini ya faze tatu nyumbani: leta na kinga zake



Katika makambi na mitaa yetu, toka Lubumbashi mpaka Kolwezi, mafundi wengi wako na atelie ndogo nyuma ya nyumba. Fundi ananunua mashini ya kukereza chuma ao ya kupasua mbao, ya zamani lakini nzima. Moteri yake inadai faze tatu, na nyumbani kuna faze moja tu, volti 220. Basi anatafuta konvertiseri, chombo cha kuzaa faze zinazokosekana, na mashini inazunguka.

Wengine wanasema kazi hiyo ikatazwe. Mimi sikubali. Atelie hiyo inalisha watoto na kulipa masomo. Neno langu ni moja: mwenye kuleta nyumbani mashini ya atelie, alete pia kinga za atelie.

Kazini kuna waya wa ardhi, kuna kitufe chekundu cha kusimamisha mashini, kuna mwenzako pembeni. Nyumbani, mara nyingi, hakuna hata kimoja.

Hatari ni tatu. Kwanza, watu wanafikiri waya uliozaliwa na konvertiseri ni dhaifu. Hapana, unaua sawasawa na ule unaotoka kwenye nguzo. Pili, kondansateri za ndani zinaweza kushika kuran hata kisha kuikata. Usifungue kifuniko mbele ya kungoja muda ulioandikwa juu ya chombo, kisha upime kwa voltimetri. Tatu, kuran ya mtaani inakatika, sote tunajua. Ikirudi, mashini inaweza kuanza yenyewe wakati mkono ungali kwenye msumeno. Inafaa swichi ya sumaku, ile inayobaki imekata mpaka uibonyeze tena.

Fundi wa umeme ndiye afunge konvertiseri, si jirani mwenye bisibisi. Aweke waya wa ardhi, na dijonkteri diferensieli ya miliamperi 30 ya aina inayopatana na konvertiseri hiyo. Bei yake ni kidogo kuliko bei ya mkono.

Na mtu akishikwa na kuran? Usimguse. Kata kuran kwanza. Asipopumua, ita msaada na ukandamize kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Aliyejifunza atie pumzi 2 kisha kila mikandamizo 30. Usiache mpaka msaada ufike.

Akisimama na kusema « siko na neno », umlete dispanseri siku ile ile. Kuran inaweza kuvuruga moyo na kuunguza nyama ndani, na kwenye ngozi kubaki alama ndogo tu.

Leo jioni, onyesha bibi yako na watoto wakubwa pahali pa kukata kuran. Siku ya hatari, ni wao watakaokuwa karibu.