Kicheko cha Mwenye Nuhusi

Wako waulizao: yafaa vipi kuuchekea msiba wa watu? Suala hili humhusu Emile Habibi, mwandishi wa Kipalestina wa mji wa Haifa, ambaye wasomaji wake wangali wakimpenda ingawa alifariki mwaka 1996. Jibu limo katika riwaya yake ya 1974, kisa cha Said Abu Nahs.

Litazameni jina lenyewe. Said ni mwenye bahati. Nahs ndiyo nuhusi yetu. Lakabu yake ni Mutashail, neno alilolibuni Habibi kwa kuchanganya mutafail, mwenye kutaraji heri, na mutashaim, mwenye kutaraji shari. Akifikwa na baya, hushukuru halikuzidi. Nasi husema: heri nusu shari kuliko shari kamili.

Katika vita vya 1967, Said alisikia redio ikiwaamuru Waarabu walioshindwa watundike bendera nyeupe. Kwa woga alifunga shuka kwenye mti wa ufagio, akaitundika juu ya nyumba yake Haifa, mji uliokuwa chini ya Israeli tangu 1948. Akatiwa gerezani: kumbe waona Haifa nayo imetekwa!

Msomaji hucheka, kisha hunyamaza. Mtiifu amefungwa kwa utiifu wake, na shuka imesema lile ambalo mwenyewe hakuthubutu kulisema.

Basi twasema, huko si kuyadharau machozi. Aliyenyang'anywa nchi akabakiwa na kicheko, hajanyang'anywa yote. Habibi aliusia kaburi lake liandikwe kuwa amebaki Haifa. Na huko ndiko alikozikwa.