Ndizi, Dagaa na Mikono ya Jamaa



Mwenyeji wa Bukoba au wa Muleba akiambiwa na daktari kwamba yampasa ale zaidi vyakula vitokavyo shambani, huenda akacheka. Tangu utotoni amelelewa kwa ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na nyumba ya wazazi wake imezungukwa na kibanja chenye migomba na mibuni, nayo maharage yameota chini ya vivuli vyake. Nyama aliizoea siku ya sikukuu, ya harusi, au siku aliyofika mgeni. Basi ushauri wa kula mimea kwa wingi una maana gani kwa mtu wa namna hiyo? Swali hilo ndilo tutakalolizungumza leo, kwa ajili ya wanaougua maradhi ambayo hayasemwi sana nchini mwetu, na zaidi kwa ajili ya jamaa wanaowapikia.

Maradhi yenyewe huitwa maltipo sklerosisi, nasi tutayaita kwa kifupi MS. Aliyeyaeleza kwa ukamilifu ni daktari Jean-Martin Charcot wa Paris, Ufaransa, mwaka 1868. Mishipa ya fahamu iliyomo katika ubongo na uti wa mgongo imevikwa utando wenye mafuta, mithili ya mpira unaovikwa waya wa umeme. Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando huo. Palipochubuka, habari itokayo ubongoni hukawia njiani au haifiki kabisa. Mgonjwa huona ukungu katika jicho moja, hufa ganzi mkono au mguu, huyumba atembeapo, hushindwa kuzuia haja ndogo, na aghalabu huchoka uchovu usioondoka kwa kulala. Kwa wengi dalili huja, zikatulia miezi kadhaa, kisha zikarudi.

Maradhi haya huwaanza zaidi watu wenye umri wa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huyapata kuliko wanaume kwa kiasi cha mara mbili au zaidi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2020 ilikadiria kuwa watu milioni 2.8 duniani wanaishi nayo. Hayaambukizi. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani, baada ya kupitia kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila binadamu hukipata na wengi hakiwadhuru, hutangulia ugonjwa huu. Kuvuta sigara huongeza hatari, na upungufu wa vitamini D vilevile huhusishwa nao.

Tena MS huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta kuliko kwetu. Bukoba iko nyuzi moja na ushei tu kusini mwa mstari huo. Hii ni bahati, lakini ina ubaya wake: ugonjwa ulio adimu haukumbukwi upesi. Mgonjwa hudhaniwa ana malaria isiyokwisha, au mvivu, au amerogwa, naye huzungushwa huku na huko kabla mtu hajamtajia mashine ya MRI, itazamayo ndani ya ubongo kwa nguvu za sumaku, na ambayo haipatikani katika kila hospitali.

Je, chakula chaweza kuuponya ugonjwa huu? La, hakiwezi, na yeyote akuahidiye hivyo anakudanganya. Swali la haki ni kama chakula chaweza kumsaidia mgonjwa aishi vema. Mtu wa kwanza kulishughulikia swali hilo kwa muda mrefu alikuwa daktari Roy Swank. Alisikia kwamba huko Norway wakulima wa bara, waliokula maziwa na nyama nyingi, waliugua kuliko wavuvi wa pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa Montreal, Kanada, alianza kuwapunguzia wagonjwa wake mafuta ya wanyama. Mwaka 1990 alitangaza matokeo ya wagonjwa 144 aliowafuatilia kwa miaka 34: waliolishika agizo lake walikuwa na hali bora kuliko walioliacha. Lakini hakuwa na kundi jingine lililochaguliwa kwa kura ili kulinganisha, na kwa hiyo wataalamu hawakulichukua neno lake kuwa ushahidi kamili.

Mwaka 2018 yakatangazwa majibu ya wagonjwa karibu 7,000 wa Marekani walioulizwa juu ya vyakula vyao. Waliokula zaidi matunda, mboga, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa, na waliopunguza sukari na nyama nyekundu, walikuwa na ulemavu mdogo na huzuni kidogo kuliko wenzao. Hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo. Je, chakula chema ndicho kilichowapa nguvu, au nguvu walizokuwa nazo ndizo zilizowawezesha kwenda sokoni, kumenya na kupika? Uchunguzi wa namna ile hauwezi kukata shauri hilo. Lakini kila aliyewahi kuuguza nyumbani ataona mara moja kwamba jambo la pili nalo lina ukweli mwingi. Mtu asiyeweza kusimama jikoni hula kilicho karibu, nacho aghalabu ni chai ya sukari na mkate.

Turudi sasa kwenye sahani ya Kagera. Ndizi ya kupika ni chakula chema: ina wanga wa kutia nguvu na madini ya potasiamu. Lakini ina protini kidogo mno. Hatari ya mji wetu na ya vijiji vyetu haiko katika kukosa mimea. Iko katika kula mmea mmoja uliojaa sahani, na vingine vikawa kitoweo cha kuonja. Sisi tunaozunguka Ziwa Victoria tumekwisha kupata somo la hatari ya kutegemea zao moja. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime mkoani Mara walikula mihogo michungu isiyolowekwa wala kukaushwa ipasavyo, na wengine wakapooza miguu ghafla kwa ugonjwa uitwao konzo. Konzo si MS, wala hauna uhusiano nayo, lakini hutukumbusha kwamba mishipa ya fahamu haiko mbali na chungu cha jikoni. Nao mnyauko wa migomba, ulioripotiwa wilayani Muleba mwaka 2006, ulizifundisha kaya nyingi maana ya kutazama kibanja kikifa huku hapana chakula kingine.

Basi sahani ya mwenye MS na ipangwe hivi. Ndizi, viazi vitamu au ugali vichukue robo moja, wala visizidi theluthi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda: mchicha, majani ya maboga, mnafu, nyanya chungu, papai, nanasi, embe kwa msimu wake. Sehemu iliyobaki iwe maharage, kunde au njugu mawe zinazolimwa katika ardhi ya rweya. Mafuta yatoke katika karanga, parachichi na alizeti, na samli na nyama ya mafuta vipunguzwe. Nyuzinyuzi za mboga na maharage zina kazi ya pekee hapa, kwa sababu mwenye MS husumbuliwa mara nyingi na kufunga choo. Lakini nyuzinyuzi bila maji huzidisha shida. Wagonjwa wengi huacha kunywa maji kwa kuogopa haja ndogo itakayowatoka njiani. Hilo ni kosa. Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze usiku, na shida ya kibofu aipeleke kwa daktari bila kuona haya.

Tahadhari kubwa ni hii: mimea kwa wingi si mimea mitupu. Wapo waliosikia habari hizi nusu wakaamua kutokula tena kitu chochote chenye damu. Vitamini B12, ambayo mwili huitumia kuutunza ule utando wa mishipa ya fahamu, haipatikani katika ndizi, wala katika maharage, wala katika mchicha. Hupatikana katika samaki, mayai, maziwa na nyama. Mtu akiikosa kwa muda mrefu hufa ganzi miguu na kuyumba, dalili ambazo hata daktari aweza kuzidhania kuwa ni za MS. Hivyo mgonjwa atakuwa amejiongezea ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Kwa bahati njema, ziwa liko mlangoni petu. Fungu la dagaa, likichambuliwa mchanga na kuoshwa vizuri, likapikwa pamoja na maharage au kuungwa kwa karanga, hutupa B12, chokaa ya kuimarisha mifupa, na mafuta ya samaki yasiyo na madhara ya yale ya ng'ombe. Asiyekula samaki kabisa amweleze daktari ampatie vidonge.

Usafi nao usisahauliwe. Baadhi ya dawa za MS hupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Mtu anayezitumia asile kachumbari isiyooshwa kwa maji safi, asinywe maziwa yasiyochemshwa, wala asipewe kiporo kilicholala nje. Rubisi na pombe nyinginezo humwongezea kuyumba mtu ambaye tayari anayumba. Na sigara aiache leo.

Sasa tufikie jambo lililo zito kuliko yote hayo, nalo ni mikono. Tuchukue mfano wa mama wa Kamachumu au wa mtaa wa Kashai aliyezoea kumenya ndizi za watu wanane kila siku. Mikono yake sasa imekufa ganzi, kisu humponyoka. Joto la moto humfifisha, kwani mwili ukipata joto, habari katika mishipa iliyochubuka huzidi kukawia, na macho na miguu hudhoofu hadi atakapopoa. Mama huyu akiambiwa ale mboga za aina tano kwa siku, huku akiachiwa jiko peke yake, ameongezewa mzigo tu. Ushauri ule umekuwa adhabu.

Kwa hiyo maneno ya safu hii yanamhusu baba na watoto zaidi kuliko mgonjwa mwenyewe. Baba, shika kisu umenye ndizi. Hakuna mila iliyokufa kwa mwanamume kumenya ndizi, lakini nyumba zimekufa kwa mama kuanguka motoni. Kijana wa kiume achume mboga, binti achambue dagaa, na maharage yalowekwe usiku ili yasile kuni nyingi asubuhi. Kazi ya moto ifanywe mapema, kabla jua halijapanda. Mama akitaka kusaidia, apewe kiti, akae penye upepo, achambue mchicha kwa kadiri ya nguvu zake, kwa maana kumnyang'anya kazi yote nako ni kumwambia kwamba hana faida tena. Naye akichoka, aaminiwe. Uchovu wa MS hauonekani kwa macho, na watu wengi wenye ugonjwa huu wameumizwa na neno "mvivu" kuliko walivyoumizwa na ugonjwa wenyewe.

Mwisho, sahani isichukue nafasi ya dawa. Mwaka 2011 tuliona maelfu kwa maelfu wakienda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi. Wapo wenye maradhi ya kudumu walioacha vidonge vyao wakiamini wamekwisha kupona, na ugonjwa ukawarudia kwa nguvu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. MS ina dawa zinazopunguza mashambulizi yake, ijapokuwa haziuondoi kabisa. Mnamo Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa tatu za maradhi haya katika orodha yake ya dawa muhimu, nazo ni kladribini, glatirama na rituksimabu. Kuwekwa katika orodha si kuwekwa katika duka la dawa la Bukoba, na safari ya kuzitafuta yaweza kuwa ndefu na ya gharama. Lakini mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuyataja majina hayo mbele ya daktari na kuuliza. Tena mwenye kutumia dawa za miti shamba amweleze daktari wake bila kuficha, kwani baadhi huchochea kinga ile ile ambayo dawa ya hospitali inajaribu kuituliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani mwako yumo mtu ambaye jicho lake moja lilififia ghafla, au miguu yake hufa ganzi, ikapona, ikarudi tena, usingoje. Mpeleke katika hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba. Muulize daktari kama yafaa apelekwe Bugando, Mwanza, na umweleze dalili zote kwa tarehe zake. Na kesho asubuhi, kabla hajaamka, wewe ndiwe uanze kumenya ndizi.