Jangwa Halikuwa Tupu

Katika vitabu vya historia wanavyosoma vijana wetu limo neno moja ambalo limedhulumu watu wengi kwa upole mkubwa. Neno hilo ni kugundua. Husemwa kuwa fulani aligundua mto, fulani ziwa, fulani jangwa. Na msomaji hukubali bila ya kuuliza kama mto ule haukuwa na watekaji maji, wala ziwa lile halikuwa na wavuvi. Nakusudia kulishtaki neno hili, na shahidi wangu ni sehemu ya ndani ya Australia, nchi kavu ambayo waandishi wengi wameiita jangwa tupu.

Utupu huo haukuwako. Uchimbuaji wa wataalamu wa mambo ya kale umeonyesha kuwa watu walikaa katika majangwa hayo zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Walijua visima, na walijua nyufa za majabali zilizohifadhi maji ya mvua. Njia za kutoka maji hata maji zilihifadhiwa katika nyimbo, mzazi akimrithisha mwana. Ramani yao ilikuwa kifuani, haikuwa katika karatasi. Mgeni asiyejua kuisoma aliiona nchi kuwa tupu, kama asiyejua herufi aonavyo kitabu kuwa ni karatasi zilizochafuliwa kwa wino.

Sasa tuwatazame wagunduzi wenyewe. Charles Sturt alikwenda bara mwaka 1844 akichukua mashua, kwa kuwa aliamini kuwa katikati ya nchi kuna bahari. Alikuta mchanga. Mwaka 1860 Robert O'Hara Burke na William Wills waliondoka Melbourne na ngamia zaidi ya 20 na mizigo ya kiasi cha tani 20, meza ya kulia ikiwamo. Mwanzo wa mwaka 1861 walikaribia pwani ya kaskazini, wakageuka. Waliporudi katika kambi yao ya Cooper Creek tarehe 21 Aprili, walikuta wenzao waliokuwa wakiwangojea wameondoka asubuhi ya siku ile ile.

Mahali hapo walipokonda kwa njaa palikuwa nyumbani kwa watu wa Yandruwandha, ambao walikuwa wakila na kulea watoto. Wenyeji waliwapa wageni samaki na mikate ya mmea uitwao nardoo. Burke aliwatilia shaka, akafyatua bastola kuwatisha, nao wakajitenga. Wageni wakasaga nardoo wenyewe, pasipo elimu ya kuitengeneza ili isidhuru, wakazidi kudhoofika hali wanakula. Burke na Wills walikufa. Mwenzao John King aliwaendea wenyeji, akapokewa na kulishwa mpaka alipopatikana na watu waliotumwa kumtafuta, mwezi wa Septemba. Mwaka 1865 Melbourne ilisimamisha sanamu, nayo ni ya Burke na Wills. Wahenga walisema kuwa kuuliza si ujinga. Sanamu ile ni ya watu wawili waliokufa kwa kutouliza.

David Carnegie, aliyevuka majangwa ya magharibi kuanzia mwaka 1896, aliuliza, lakini si kwa hisani. Aliwakamata wenyeji akawafunga kamba, hata akapata kulisha mateka nyama iliyotiwa chumvi, ili kiu iwalazimishe kumwongoza kwenye maji. Haya aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1898. Basi na tuulize: mtu amfungaye mwenziwe kamba ili aonyeshwe kisima, amegundua nini? Kwa kamba ile ile amekiri kuwa mjuzi wa nchi ni mateka wake.

Baada ya wapita njia walikuja wakaaji. John McDouall Stuart alifika pwani ya kaskazini mwaka 1862, na kwa kuifuata njia yake ulijengwa waya wa telegrafu uliokamilika mwaka 1872, urefu wake kiasi cha kilomita 3,200. Vituo viliwekwa penye maji, na ng'ombe wakafuata. Mizigo ilichukuliwa na ngamia wa Waislamu kutoka Afghanistan na India ya wakati ule, watu ambao masimulizi ya ugunduzi yaliwasahau pia. Sisi husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Huko mgeni alikuja na mwenyeji akapokonywa kisima. Mwaka 1928, wakati wa ukame, mwindaji mmoja mzungu aliuawa katika nchi ya Coniston. Kikosi kilichoongozwa na polisi kililipiza kwa kuua wenyeji ambao serikali yenyewe ilikiri kuwa walikuwa 31. Tume iliyochunguza iliona kuwa wauaji walikuwa na haki.

Wako wenzetu wasemao kuwa haya ni mabishano ya maneno. Kwamba kugundua maana yake ni kuujulisha ulimwengu, na kwamba ushujaa wa wasafiri haupasi kukanwa. Ushujaa wao siukani. Mtu aweza kuwa shujaa na kuwa mjinga wa nchi aiendeayo. Lakini ni ulimwengu upi uliojulishwa? Wenyeji hawakuwa nje ya ulimwengu. Wala neno si upepo. Sheria ya Waingereza ilishika kuwa Australia ilikuwa nchi isiyo na mwenyewe, na dhana hiyo haikubatilishwa na Mahakama Kuu ya huko mpaka mwaka 1992, katika kesi iliyofunguliwa na Eddie Mabo na wenziwe. Mwaka 1873 William Gosse alilipa jabali la Uluru jina la waziri Henry Ayers. Hati ya ardhi ile ilirudishwa kwa Waanangu, wenyewe hasa, mwaka 1985. Jina lilitolewa kwa siku moja. Haki ilichukua miaka 112.

Jambo hili halikuishia ugenini. Mwaka 1888 Samuel Teleki alifika katika ziwa lililo katika nchi kame ya kaskazini ya Kenya, akaliita Rudolf, kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Ziwa halikuitwa Turkana rasmi mpaka mwaka 1975. Teleki alifuatana na mamia ya wapagazi, wengi wao watu wa pwani yetu, walioondoka Pangani mwaka 1887. Nasi tukiandika kuwa Teleki aligundua ziwa, twaifanya lugha ya wapagazi ishuhudie kuwa wapagazi hawakuwa na macho, na kuwa waliowakuta ziwani hawakuwa watu.

Kiswahili si maskini wa vitenzi. Tunavyo kufika, kupita, kupima na kuchora. Tunavyo pia kuongozwa, kuonyeshwa na kulishwa. Vile vya kwanza humpa msafiri sifa yake ya haki. Vile vya pili humkumbusha deni lake. Mwanafunzi akileta insha isemayo kuwa fulani aligundua jangwa, mwalimu na aandike pembeni swali moja tu: maji aliyokunywa njiani alionyeshwa na nani?